Gharama za Talaka Tabora: Mwongozo Kamili, Kuanzia Baraza la Kata Hadi Hati Mkononi

Mtu anayetaka kuachana kisheria huanza kwa kuuliza: wakili ni shilingi ngapi? Swali hilo linakuja mapema mno. Kwa mkazi wa Kaliua, Sikonge, Urambo au Igunga, fedha nyingi haziendi kwa wakili wala kwenye ada ya mahakama. Zinaliwa na nauli za kurudi mara kwa mara, siku za kazi zilizopotea, karatasi zinazoandikwa upya kwa sababu zilikosewa mwanzoni, na ugomvi wa mali ambao ungeweza kumalizwa barazani kwa wazee. Anayezijua hatua za mwanzo na kuzifanya kwa usahihi anaweza kumaliza kwa gharama ndogo. Anayezikosea hulipa mara mbili, na mara nyingi anayelipa mara mbili ni yule asiye na kitu.

Mwongozo huu unafuata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ndiyo inayotumika Tanzania Bara kwa ndoa zote: za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali.

Kabla ya yote: usalama

Kama kuna kipigo au vitisho vya kuuawa, usianze na bajeti. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Huduma yake hailipiwi. Ukiwa umeumia, chukua fomu ya polisi ya PF3 kabla ya kwenda hospitali na utunze nakala. Karatasi hiyo moja, iliyojazwa na daktari siku ile ile, baadaye inaweza kukuokolea gharama ya kuwasafirisha mashahidi watatu kuja kueleza kilichotokea miaka miwili nyuma.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya safari

Chukua daftari, andika umbali wa kutoka kwako hadi ofisi ya kata, na kutoka kwako hadi mahakama unayotarajia kwenda. Kisha kadiria idadi ya safari. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi, bodaboda pamoja na basi, ni shilingi 16,000, na chakula ni shilingi 4,000. Kesi ikiitwa mara nane, hiyo ni shilingi 160,000 kabla hujalipa ada yoyote. Ukileta mashahidi wawili kwa siku moja, ongeza 40,000. Shauri likifutwa kwa kasoro ya karatasi na ukalazimika kuanza upya, zidisha mara mbili.

Hesabu hii ni ya mfano, weka nauli zako mwenyewe. Ukiifanya utaona kwamba kuchagua mahakama ya karibu na kupunguza idadi ya safari kunakuokolea fedha kuliko kubishana na karani juu ya ada.

Angalia pia msimu. Kwa mkulima wa tumbaku, siku moja ya kesi wakati majani yanachumwa na mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku, yanawaka moto si sawa na siku moja baada ya masoko kufungwa. Kama hakuna dharura, panga kufungua shauri wakati kazi ya shamba imepungua na barabara zimekauka.

Hatua ya 2: Hakikisha ndoa yako inathibitika na muda umefika

Kifungu cha 100 cha Sheria ya Ndoa kinazuia kufungua shauri la talaka kabla ndoa haijatimiza miaka miwili, isipokuwa kwa ruhusa maalumu ya mahakama. Kama mna mwaka mmoja na nusu na hakuna mateso ya kipekee, kusubiri ni nafuu kuliko kuomba ruhusa hiyo.

Tafuta cheti cha ndoa. Kikipotea, anzia pale ndoa ilipofungwa, kanisani, msikitini au ofisi ya mkuu wa wilaya, kisha RITA, wakala wa serikali wa usajili. Ndoa ya kimila isiyo na cheti huthibitishwa kwa mashahidi: mshenga, wazee waliopokea mahari, majirani. Na msisumbuliwe na maneno kwamba ndoa si ndoa kwa kuwa ng'ombe hawakumalizwa kutolewa. Sheria inasema ndoa haibatiliki kwa kutotimizwa desturi za mahari.

Wapo walioishi pamoja bila kufunga ndoa yoyote. Kifungu cha 160 kinaweka dhana ya ndoa kwa waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi huku jamii ikiwatambua kama mke na mume. Dhana hiyo inaweza kupingwa, lakini hata ikipingwa na kushindwa, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Usikubali kuondoka mikono mitupu kwa kuambiwa "hamkufunga ndoa".

Hatua ya 3: Baraza la usuluhishi, mahali ambapo fedha nyingi huokolewa au kupotea

Hapa nitakaa kwa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo mashauri mengi huharibikia.

Kifungu cha 101 kinasema huwezi kufungua shauri la talaka mahakamani kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na Baraza hilo likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mabaraza haya yapo ngazi ya kata, na yapo pia ya jumuiya za dini yaliyotambuliwa kisheria. Kikao cha ukoo si Baraza. Barua ya mwenyekiti wa kitongoji si hati ya Baraza. Barua ya ofisi ya ustawi wa jamii, ingawa ina manufaa yake kwa mambo ya watoto, haichukui nafasi ya hati hiyo. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa shauri lililokwishapita ngazi za chini, kwa sababu hati ya Baraza haikuwa sahihi. Fikiria miaka ya nauli inayopotea namna hiyo.

Fanya hivi. Kwanza, kama wewe na mwenzio mnaishi kata tofauti, muulize karani wa mahakama ya mwanzo ni Baraza lipi linalostahili kuwasikiliza. Swali hilo halilipiwi. Pili, peleka lalamiko kwa maandishi na ubaki na nakala yenye mhuri na tarehe ya kupokelewa. Tatu, hudhuria kila wito. Nne, mkishindwa kupatana, omba hati ya Baraza ya kushindwa kuwapatanisha, ile inayojazwa kwenye fomu rasmi. Isome hapo hapo kabla hujaondoka: majina yenu yote mawili yameandikwa sawa na kwenye cheti cha ndoa? Imeeleza wazi kwamba Baraza limewasikiliza na limeshindwa kuwapatanisha? Ina saini, mhuri na tarehe?

Tarehe ina uzito wa pekee. Kifungu cha 106 kinataka hati iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Ukikaa nayo miezi saba ukisubiri fedha za tumbaku, imekufa, na utaanza upya. Kwa hiyo ukijua huna uwezo wa kwenda mahakamani hivi karibuni, panga ratiba yako na Baraza kulingana na hilo.

Barazani huhitaji wakili, na sheria yenyewe haimruhusu wakili kukuwakilisha pale. Anayekuambia anataka malipo ya kukusimamia barazani anakuibia. Ndugu wa familia anaweza kukuwakilisha. Ukiweza kujieleza mwenyewe, jieleze.

Na mwenzio akikataa wito? Usikate tamaa. Kukataa kwa makusudi kuitikia wito wa Baraza ni miongoni mwa sababu ambazo sheria inaruhusu kuendelea bila usuluhishi. Nyingine ni kwamba mwenzio amekutelekeza na hujui alipo. Anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita. Amefungwa kifungo cha maisha au kisichopungua miaka mitano. Ana maradhi ya akili yasiyopona. Au kuna mazingira ya kipekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Mke ambaye mumewe alivuka ziwa kutoka Kigoma kwenda Kalemie, Kongo, na kupotea huko asifikiri amefungwa maisha. Hata hivyo, hata katika hali hizi omba Baraza liandike kwamba lilimwita na hakuja. Maandishi hayo yanafupisha maswali mahakamani.

Kwa ndugu zetu Waislamu, mpangilio ndio unaookoa fedha. Talaka ya mdomo au ya karatasi peke yake haimalizi mambo mbele ya sheria ya nchi. Kifungu cha 107 kinaeleza kwamba Baraza likishathibitisha kushindwa kupatanisha, na baada ya hapo mmoja wa wanandoa akafanya tendo linalovunja ndoa kwa sheria ya Kiislamu, mahakama itatoa amri ya talaka. Basi fuata njia hii: Baraza, talaka, mahakama. Katika hali hiyo huhitaji kuleta msururu wa mashahidi kuthibitisha ukatili au uzinzi.

Wakatoliki nao wajue kwamba mahakama ya Kanisa inayochunguza ubatili wa ndoa na mahakama ya serikali ni njia mbili tofauti. Uamuzi wa moja hauchukui nafasi ya mwingine, wala gharama za moja si za nyingine.

Hatua ya 4: Zungumzeni mali na watoto kabla ya kwenda mahakamani

Mahakama haitoi talaka kwa sababu tu mmekubaliana kuachana. Lazima iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Lakini mnaweza kukubaliana juu ya mali, matunzo na watoto, mkaipelekea mahakama makubaliano hayo iyapime. Kila kitu mnachokubaliana ni shahidi mmoja asiyehitaji kusafirishwa.

Andikeni orodha. Nyumba, mashamba, ng'ombe, pikipiki, mashine ya kukoboa, mizinga ya nyuki, akiba, hisa za vikoba. Kwa kila kitu, mwaka kilipopatikana na ushahidi uliopo: hati ya hakimiliki ya kimila, mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya serikali ya kijiji, risiti, kumbukumbu za miamala ya simu. Kisha, na hili huwa linasahaulika sana Tabora, andikeni madeni. Mkopo wa pembejeo kutoka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, umeandikwa kwa jina la mume, lakini mbolea iliingia shamba la familia. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama izingatie madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote wawili, pamoja na mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, mila za jamii yao, na mahitaji ya watoto wadogo. Mnaogawana mashamba bila kugawana deni mnatengeneza kesi ya pili.

Neno "kazi" hapo lina historia. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya familia. Mwanamke aliyechuma majani, akayafunga kwenye vijiti, akaangalia moto wa bani usiku, huku akipika na kulea, amechangia. Malipo kuingia kwenye akaunti ya mumewe hakufuti jasho lake. Ila mchango lazima uthibitishwe. Mahakama haigawi nusu kwa nusu kwa mazoea, inapima ushahidi. Majirani wawili waliomwona shambani kila msimu wana thamani kubwa kuliko kurasa kumi za malalamiko.

Mkikubaliana thamani ya mali wenyewe, hamtahitaji mthamini wa kulipwa. Njia rahisi: mmoja apange mafungu mawili, mwingine achague la kwanza. Kwa ng'ombe hili linafanya kazi vizuri mno.

Kinga mali isiuzwe wakati mnaendelea. Kifungu cha 59 kinamkataza mwanandoa kuuza, kukodisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Andika barua kwa serikali ya kijiji au mtaa kueleza kwamba kuna mgogoro wa ndoa, upate nakala yenye mhuri. Kama kiwanja kimepimwa na kina hati, uliza ofisi ya Msajili wa Hati jinsi ya kuweka zuio. Kumfuata mnunuzi mahakamani baadaye ni ghali kuliko barua hiyo.

Mahari iwekeni pembeni. Madai ya kurudishiwa ng'ombe huchelewesha talaka kwa miezi, na wanaogombana mara nyingi si wanandoa bali wajomba na baba wadogo. Yawe shauri lao, yasishikilie maisha yenu.

Kuhusu watoto, mahakama inaangalia kwanza ustawi wa mtoto. Kwa mtoto wa chini ya miaka saba kuna dhana kwamba ni vema akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Kifungu cha 129 kinampa baba wajibu wa kuwatunza watoto hata wakiwa kwa mama. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kuwasaidia kuandika makubaliano ya matunzo. Andikeni kiasi, tarehe, na njia ya kutuma. "Atakuwa anasaidia" haisaidii mtoto kuvaa sare.

Hatua ya 5: Chagua mahakama

Kifungu cha 76 kimezipa mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi na Mahakama Kuu uwezo wa pamoja wa kusikiliza mashauri ya ndoa. Kwa hiyo mkazi wa Usoke au Nguruka hana haja ya kukimbilia Tabora mjini au Kigoma mjini kwa kudhani kwamba mahakama kubwa inatoa talaka nzuri zaidi. Kwa wengi, mahakama ya mwanzo iliyo karibu ndiyo chaguo la busara: ni Kiswahili mwanzo hadi mwisho, utaratibu wake ni mwepesi, na kwa ombi lako inaweza kumruhusu ndugu au mtu wa nyumbani mwako akuwakilishe. Kwenda ngazi ya juu kuna maana pale mali ni nyingi na nyaraka zake ni ngumu, au kuna kampuni na mabenki ndani yake.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Usilipe mtu akutafsirie madai yako kwenda Kiingereza kwa ajili ya mahakama ya mwanzo.

Ada ya kufungua shauri hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia benki au simu, na unapata risiti. Usimkabidhi mtu fedha mkononi. Ukiombwa "chochote" ili faili liende haraka, TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113 bila malipo. Kama kweli huna uwezo wa kulipa ada, omba kwa maandishi usamehewe, na uambatanishe barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayoeleza hali yako.

Hatua ya 6: Msaada wa bure, na wakili pale anapohitajika

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wapo katika wilaya nyingi. Waulizie ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Wanaweza kukusaidia kuandaa maelezo na kukueleza utaratibu, na hawatakiwi kukutoza. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, nayo imekuwa ikipita mikoani. Ikifika wilayani kwako, nenda na karatasi zako zote siku ya kwanza, kabla foleni haijawa ndefu.

Mkihitaji wakili, si lazima umkabidhi kila kitu. Mlipe kwa kazi mahususi: kusoma hati ya Baraza, kuandaa madai, au kupitia makubaliano ya mali. Taka mambo matatu kwa maandishi: kazi gani, kwa kiasi gani, na kama nauli zake zimo ndani. Viwango vya mawakili vina mwongozo wa kisheria wa mwaka 2015, lakini bado mnaweza kuzungumza bei. Hakikisha jina lake lipo kwenye orodha ya mawakili na leseni yake ya mwaka huu ni hai. Vishoka wanaozunguka nje ya mahakama na karatasi za steshenari wamewapotezea watu fedha nyingi, na karatasi zao ndizo hizo zinazofutwa.

Hatua ya 7: Siku za kesi

Fika mapema, na kila kitu kiwe na nakala: moja ya mahakama, moja ya mwenzio, moja yako. Andika namba ya simu ya mwenzio na mahali anapopatikana kwa usahihi, hata jina la mwenyekiti wa kitongoji chake. Shauri nyingi huahirishwa kwa sababu samansi haikumfikia mtu, na kila ahirisho ni nauli.

Chagua mashahidi wachache wanaojua jambo kwa macho yao. Watatu wanatosha katika mashauri mengi. Waite siku ya ushahidi tu, si siku ambayo shauri linatajwa tu bila kusikilizwa. Ukiwa huna kipato, omba amri ya matunzo wakati shauri likiendelea, sheria inaruhusu hilo. Usitegemee kwamba mwenzio ataamriwa kukulipa gharama zako, kwani katika mashauri ya ndoa mahakama mara nyingi huamuru kila mmoja abebe zake.

Hatua ya 8: Baada ya hukumu

Omba nakala ya hukumu na hati ya talaka mara moja. Asiyeridhika ana muda maalumu wa kukata rufaa, kwa hiyo usioe wala kuolewa tena kabla muda huo haujapita au rufaa haijaamuliwa. Kabla ya kukata rufaa, rudi kwenye daftari la hatua ya kwanza: kama unachogombania ni mbuzi wanne, rufaa itakula mbuzi sita.

Talaka isajiliwe RITA. Kisha pelekeni nakala serikali ya kijiji ili mashamba yabadilishwe majina, na AMCOS ili deni na akaunti zirekebishwe. Mwenzio asipotekeleza mgawanyo, hufungui kesi mpya. Unarudi mahakama ile ile kuomba kukazia hukumu, ukiwa na namba ya shauri na nakala yako. Piga picha za karatasi zote kwa simu, umtumie ndugu mmoja unayemwamini, na nakala halisi zikae mbali na nyumba yenye ugomvi.